Ivuna, Rumuruti na dhahabu ya Kakamega: elementi haba zinavyoeleza asili ya vimondo

Mawe mawili yaliyoanguka Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 yanatajwa kila siku na wanakemia wanaochunguza vimondo, wawe Japani, Ujerumani au Marekani. La kwanza lilianguka Rumuruti, Laikipia, tarehe 28 Januari 1934, mahali ambapo sisi wakazi wa Nakuru hufika kwa kupitia Nyahururu na kuendelea kaskazini. La pili lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938. Kipande cha Rumuruti kilichohifadhiwa hakifiki gramu mia moja, na jiwe la Ivuna lilikuwa na gramu 700 hivi. Pamoja na udogo huo, kundi zima la vimondo huitwa kundi la R kwa heshima ya Rumuruti, na kipimo ambacho miamba yote ya mfumo wa jua hulinganishwa nacho huitwa CI, ambapo herufi ya pili ni ya Ivuna.

Nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Nakuru, na kwa muda mrefu nimetaka kueleza kwa Kiswahili kwa nini mawe haya yana uzito huo katika sayansi. Jibu halimo katika chuma, silikoni, magnesi na oksijeni, ambazo kwa pamoja hujaza sehemu kubwa mno ya kimondo chochote cha mawe. Limo katika elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache kwa milioni au hata kwa bilioni, ambazo hapa nitaziita elementi haba. Elementi iliyo nyingi huunda madini yake yenyewe, na kwa hivyo kiasi chake hakibadiliki sana kutoka jiwe moja hadi jingine. Elementi haba haina madini yake. Hulazimika kujibanza ndani ya fuwele za wengine au kubaki katika uji wa mwamba ulioyeyuka, na kila badiliko la joto, la oksijeni au la kuyeyuka huisukuma upande mmoja au mwingine. Ndiyo maana huhifadhi habari ambazo elementi kubwa zimekwisha kuzipoteza.

Nianze na Ivuna, kwa sababu bila kipimo hakuna ulinganisho. Kimondo hicho ni jiwe jeusi, laini, lenye maji mengi yaliyofungwa ndani ya madini yake ya udongo, na mtu asiyejua angelipita bila kuliangalia mara ya pili. Jiwe la aina hiyo hiyo lakini kubwa zaidi lilianguka Orgueil, Ufaransa, tarehe 14 Mei 1864, na vipimo vingi vimefanywa juu yake; vimondo vyote vya CI vinavyojulikana duniani ni vichache mno. Sasa, nuru ya jua inapopitishwa katika prizimu huonyesha mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake, kwa hivyo wanaastronomia wanaweza kukadiria kiasi cha elementi nyingi katika uso wa jua bila kulifikia. Kiasi hicho kinapowekwa kando ya kiasi kilichopimwa maabarani katika CI, elementi kwa elementi, takwimu hukaribiana kwa namna ya kushangaza kwa makumi ya elementi, kuanzia zilizo nyingi hadi zile ambazo atomu zake ni chache kuliko za silikoni kwa mara milioni kadhaa. Zinazoachana ni haidrojeni, heliamu na gesi nyingine ambazo jiwe dogo haliwezi kuzishika, pamoja na lithiamu, ambayo jua limeiunguza ndani yake ilhali jiwe limeihifadhi.

Kwa maneno mengine, jiwe lililoanguka kijijini Ivuna lina mchanganyiko ule ule ambao jua na sayari zake zilitengenezwa kwao. Ndiyo maana mwanakemia akipima iridiamu katika jiwe lolote, hatua yake ya kwanza ni kuigawanya kwa iridiamu ya CI, ambayo ni karibu sehemu 0.47 kwa milioni. Akipima zinki, huigawanya kwa sehemu 300 na kidogo kwa milioni. Mnamo Desemba 2020 chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilileta duniani gramu 5.4 za vumbi na changarawe kutoka asteroidi Ryugu, na vipimo vilionyesha kwamba Ryugu ni wa jamii ya Ivuna. Safari ya mamilioni ya kilomita iliishia kutaja jina la kijiji cha Tanzania, na naona inafaa habari hiyo itangazwe katika kila darasa la kemia la eneo letu.

Vimondo vya kawaida zaidi tayari vimepoteza sehemu ya mchanganyiko huo. Kile kilichoanguka Thika tarehe 16 Julai 2011 na vile vilivyonyesha juu ya Mbale tarehe 14 Agosti 1992 (nasema Mbale ya Uganda, upande wa pili wa Mlima Elgon, wala si Mbale ya Vihiga) ni kondraiti (vimondo vya mawe ambavyo havijawahi kuyeyuka) za aina ya L. Katika aina hiyo zinki ni kama sehemu 50 kwa milioni tu, yaani sehemu moja kati ya sita ya ile ya Ivuna. Zinki huvukizwa kwa urahisi. Iridiamu hustahimili joto kali mno. Tukipanga elementi kwa joto ambalo kila moja huganda kutoka kwenye gesi, tunaona kwamba kondraiti za L zimepungukiwa hatua kwa hatua na zile zinazovukizwa upesi, na hivyo vumbi lililounda gimba mama la mawe hayo, yaani gimba la angani ambalo yalimeguka kutoka kwake, lilikusanyika mahali palipokuwa na joto zaidi, au lilipitia joto kabla ya kukusanyika.

Hatua inayofuata inahitaji jina la Victor Goldschmidt, mwanakemia wa miamba aliyezaliwa Zürich mwaka 1888, akafanya kazi hasa Oslo na Göttingen, na kufariki mwaka 1947. Yeye ndiye aliyezigawa elementi kwa mwelekeo wake: zinazopenda chuma, zinazopenda mwamba, zinazopenda salfa, na zile za kigesi. Dhahabu, platinamu, iridiamu, nikeli na kobalti hupenda chuma. Kalsiamu, alumini, uraniamu na zile kumi na kadhaa za familia ya lanthanamu hupenda mwamba. Gimba dogo likipata joto la kutosha kuyeyuka, na katika miaka milioni ya kwanza ya mfumo wa jua joto hilo lilitokana hasa na alumini-26, aina ya alumini yenye mionzi, ambayo hupungua hadi nusu kila baada ya miaka laki saba hivi, chuma kilichoyeyuka huzama katikati kwa uzito wake na kufanya kiini. Kinapozama hakiendi peke yake. Huchukua karibu iridiamu yote, karibu dhahabu yote, na kuacha nyuma mwamba uliopungukiwa navyo. Kuanzia hapo hakuna kipande cha gimba hilo kitakachofanana tena na Ivuna, na namna kinavyotofautiana ndiyo inayotuambia kimetoka katika sehemu gani ya gimba.

Vimondo vingi vya chuma ni vipande vya viini kama hivyo, vilivyofichuliwa baada ya magimba kugongana na kuvunjika. Katika miaka ya 1950 watafiti waligundua kwamba galiamu na jemaniamu ndani ya vimondo vya chuma hazitawanyiki ovyo bali hujikusanya katika mafungu. Kuanzia mwaka 1967 John Wasson na wenzake wa Los Angeles walipima mamia ya vimondo hivyo. Mbinu yao ilikuwa kukiweka kipande ndani ya kinu cha nyuklia, nyutroni zikaingia katika viini vya atomu, kisha kuhesabu miale ya gama ambayo kila elementi hutoa kwa nishati yake maalumu. Matokeo ni makundi ambayo bado tunayatumia. Jemaniamu ni zaidi ya sehemu 400 kwa milioni katika baadhi ya vimondo, na katika kundi la IVB haifiki hata sehemu 0.1. Tofauti ya mara maelfu kadhaa haiwezi kutokea ndani ya kiini kimoja, kwa hivyo ni magimba tofauti.

Mbinu hii si ngeni katika Bonde la Ufa. Watafiti wa mambo ya kale waliopima vipande vya obsidia (kioo cheusi cha volkano) kutoka maeneo ya kale ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania waliweza kusema kipande kipi kimetoka Mlima Eburru na kipi kimetoka mitiririko ya lava karibu na Naivasha, kwa sababu kila mlipuko wa volkano uliacha mchanganyiko wake. Anayetembea Hyrax Hill, hapa karibu na mji, anakanyaga ushahidi wa biashara hiyo ya mawe ya kukatia. Mwenye kimondo hufanya kazi hiyo hiyo, ila mlima anaoutafuta uko kati ya Mirihi na Mshtarii na pengine ulishavunjika kabla dunia haijapoa.

Ndani ya kundi moja kuna hadithi nyingine, nami huiona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote katika somo hili. Kiini cha chuma kinapoganda, iridiamu hukimbilia sehemu ya kwanza kuganda, na chuma kinachobaki katika hali ya majimaji huzidi kupungukiwa nayo. Jemaniamu haijali sana. Hukaa karibu sawa katika sehemu zote mbili. Kwa hivyo katika kundi la IIIAB jemaniamu haibadiliki hata mara mbili, lakini iridiamu hutofautiana zaidi ya mara elfu moja kati ya kimondo na kimondo. Elementi moja inatuambia jamaa ni akina nani, nyingine inatuambia nani alitangulia kuganda na nani alifuata. Mtu huweza kuvipanga vimondo vilivyookotwa katika mabara mbalimbali kwa utaratibu wa kupoa kwa kiini ambacho hakuna aliyekiona. Kimondo kikubwa cha Mbozi kule Tanzania, chenye tani kadhaa, hakikubali kuingia katika kundi lolote kati ya haya, nacho huandikwa tu kwamba hakina kundi. Maana yake ni kwamba kilitoka kwenye gimba ambalo bado halijawakilishwa vya kutosha katika makumbusho ya dunia.

Rumuruti ni kisa cha namna nyingine kabisa. Jiwe hilo lilikaa Berlin kwa miongo mingi kabla ya watafiti kutambua, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba ni la kundi jipya. Karibu halina chuma cha metali. Chuma chake kimeungana na oksijeni na kuingia katika madini yaitwayo olivini, ambamo kimeshika karibu nafasi mbili katika kila tano ambazo kingegawana na magnesi. Kingine kimo katika madini ya salfa. Swali la kawaida la mwanafunzi mwerevu lingekuwa hili: ikiwa iridiamu na platinamu hupenda chuma cha metali, na chuma hicho hakipo, zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Jumla yake katika jiwe haiko mbali na ile ya kondraiti nyingine, lakini zimejikusanya katika punje ndogo mno zinazoonekana kwa hadubini ya elektroni tu, baadhi zikiwa zimeungana na teluriamu au aseniki. Jambo hilo linaeleza mengi. Gimba mama la Rumuruti lilipata oksijeni ya kutosha kuoksidisha chuma chake, lakini halikuyeyuka wala halikuwa na kiini, kwa maana lingeyeyuka iridiamu ingezama. Uwiano wa isotopu za oksijeni (atomu zake zenye uzito tofauti) katika kundi la R nao unasimama juu ya ule wa makundi mengine ya kondraiti, na hivyo ni gimba lake peke yake.

Upande wa magimba yaliyoyeyuka kabisa, linalojulikana zaidi ni asteroidi Vesta, lenye kipenyo cha kilomita 525 hivi. Mwaka 1970 wanaastronomia walitambua kwamba nuru inayoakisiwa na Vesta inafanana na ile ya vimondo vinavyoitwa eukraiti, ambavyo ni basalti (mwamba wa lava iliyoganda), na chombo cha anga Dawn kililizunguka kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012. Eukraiti ina iridiamu kidogo mno, jambo linaloonyesha kiini kilijitenga kabla ya lava hiyo kumwagika. Uwiano wake wa chuma kwa manganisi ni karibu 30 na kitu, ilhali katika basalti za dunia ni karibu 60, za mwezi karibu 70, na za Mirihi karibu 40. Elementi hizo mbili hutembea pamoja katika lava, kwa hivyo uwiano wao hurithiwa kutoka gimba mama na hauharibiwi kirahisi na volkano. Yuropiamu, ndugu wa lanthanamu, huongeza neno lake: huingia katika madini ya feldispa kuliko ndugu zake, na palipo na upungufu wake ujue feldispa imeshaondoka. Obsidia za Naivasha zina upungufu mkubwa wa yuropiamu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu muda nitasema kwa ufupi. Hafniamu-182 hugeuka kuwa tangsteni-182, ikipungua hadi nusu kila miaka milioni 8.9. Hafniamu hupenda mwamba, tangsteni hupenda chuma, kwa hivyo kiini kikijitenga mapema hukosa tangsteni ambayo ingezaliwa baadaye. Vimondo vingi vya chuma vinaonyesha kwamba viini vyao vilijitenga ndani ya miaka milioni chache tu baada ya chembe za kwanza kuganda, miaka milioni 4567 iliyopita.

Sasa nifike Kakamega. Dhahabu iliwavuta wachimbaji wengi huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, mgodi wa Rosterman ukapata jina, na hadi leo watu wa Ikolomani huchimba na kuchenjua kwa mikono, wengi wao akina mama wanaokaa majini kutwa nzima. Miamba hiyo ni ya kale sana, zaidi ya miaka milioni 2500, na dhahabu ililetwa katika mishipa ya kwatsi na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa. Hayo ni maelezo ya kawaida ya jiolojia nami nayakubali. Lakini yanaanza katikati ya habari. Maji ya moto yalikusanya dhahabu iliyokwisha kuwamo katika mwamba. Nani aliiweka mwambani? Kwa kanuni ya Goldschmidt, dunia ilipoyeyuka na kiini chake kuzama, dhahabu ilipaswa kwenda nacho hadi chini, pamoja na iridiamu na platinamu, na kutuachia karibu sifuri.

Vipimo vinasema vingine. Tabaka nene la mwamba lililo kati ya ganda la dunia na kiini lina iridiamu ya karibu asilimia 0.7 ya kiasi cha CI. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ni kikubwa kuliko kile ambacho kingebaki, na zaidi ya hayo iridiamu, osmiamu, platinamu na jamaa zao zimo kwa uwiano unaokaribia ule wa kondraiti. Kama zingekuwa mabaki ya kuzama kwa chuma, uwiano ungeharibika, kwa kuwa kila moja ina kiwango chake cha kupenda chuma. Maelezo ambayo wanakemia wengi wameyakubali tangu miaka ya 1970 ni kwamba baada ya kiini kujifunga, dunia iliendelea kugongwa na magimba ya aina ya kondraiti, yenye jumla ya karibu nusu asilimia ya uzito wake, nayo yakaongeza madini hayo juu ya mwamba ambao haukuwa tena na chuma cha kuyabeba. Majaribio ya shinikizo kubwa yameonyesha kwamba dhahabu yenyewe hupunguza mapenzi yake kwa chuma katika vina virefu, kwa hivyo huenda sehemu yake ilibaki bila msaada wa vimondo. Kwa iridiamu hoja ni imara zaidi. Hata tukilipa shaka hilo haki yake, naona ni sawa kusema kwamba sehemu kubwa ya madini ya thamani katika karai la mama wa Ikolomani ilifika hapa kama mvua ya mawe ya angani, kisha ikatawanywa, ikakusanywa na maji ya moto, na kuinuliwa kutoka sehemu chache kwa bilioni hadi gramu kadhaa kwa tani.

Kanuni hiyo hiyo ina manufaa ya kila siku. Tangu habari za palasaiti (kimondo cha chuma chenye fuwele za olivini) ya Sericho, kule Isiolo, zienee baada ya mwaka 2016, watu wengi hapa Nakuru na magharibi wameanza kuleta mawe mazito wakiamini ni vimondo. Mengi kutoka upande wa Busia ni mabaki ya kuyeyusha chuma, maana wahunzi wa Samia walisifika kwa kazi hiyo vizazi vingi. Mabaki hayo ni mazito, meusi, na mengine huvutwa na sumaku. Lakini chuma cha kimondo lazima kiwe na nikeli, kwa kawaida zaidi ya sehemu tano katika mia, na chuma cha mhunzi kutoka madini ya kawaida hakina kiasi hicho. Kipimo kimoja cha nikeli humaliza ubishi mwingi, na kingekuwa cha kwanza kabla ya mtu yeyote kukubali kununua au kuuza.

Na ikitokea jiwe kuanguka kweli, iwe Njoro, Ahero au Bungoma, ninaomba mambo machache yafuatwe, kwa sababu elementi haba huharibika upesi kuliko umbo la jiwe. Lisioshwe, mvua ya magharibi hukifanya chuma chake kishike kutu kwa siku chache na maji huhamisha salfa, bariamu na uraniamu. Lisishikwe kwa mkono wenye pete au bangili, kwani dhahabu kidogo sana inayokwangukia juu yake huzidi ile iliyomo ndani. Lisiguswe na sumaku kabisa, kwa maana sumaku hufuta usumaku wa kale uliohifadhiwa tangu gimba mama lilipopoa. Lipigwe picha mahali lilipo, simu iandike mahali hapo kwenye ramani pamoja na saa, lifungwe katika karatasi safi ya alumini na kuwekwa pakavu, na kipande chake kipelekwe idara ya jiolojia ya chuo kikuu au Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kabla ya mnunuzi yeyote kufika.